Upasuaji wa unene: Kisu hukata tumbo, ubongo nao hubadilika

MSAFIRI atokaye Mwanza kwenda Musoma kwa basi hupita Nyashimo, makao makuu ya Wilaya ya Busega, kabla ya kufika Lamadi inakochepukia barabara ya Bariadi. Ni mji mdogo uliopata hadhi yake mwaka 2012, Mkoa wa Simiyu ulipoundwa na Busega ikamegwa kutoka Wilaya ya Magu. Wenyeji wake hulima pamba, mahindi, mpunga na viazi, na walio jirani na Ziwa Victoria huvua. Si mahali ambapo mtu angetarajia kukuta mjadala juu ya upasuaji wa kupunguza unene.

Hata hivyo, mjadala huo hauko mbali kama unavyodhaniwa. Ugali kwa dagaa, sato na michembe bado ni chakula cha watu wa huko, lakini kandokando ya barabara kuu chipsi, maandazi na soda vimekwisha kupata wateja wa kila siku, na pikipiki imechukua nafasi ya mwendo wa miguu ambao zamani ulikuwa mazoezi pasipo mtu kuuita hivyo. Mfanyabiashara ashindaye dukani tangu asubuhi hadi usiku, awe Nyashimo, Magu au Kariakoo, anaishi maisha yanayofanana sana.

Takwimu za taifa zinaonyesha mwelekeo huo. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 1991/92 uliwakuta wanawake wenye uzito uliozidi au kiribatumbo wakiwa asilimia 11 tu. Utafiti wa aina hiyohiyo wa mwaka 2015/16 uliwakuta asilimia 28. Mijini walikuwa asilimia 42 na vijijini 21. Yaani kijiji cha mwaka 2015 kilikuwa na wanawake wanene, kwa uwiano, karibu mara mbili ya taifa zima la mwaka 1991. Kisukari na shinikizo la damu vimefuata nyuma ya takwimu hizo.

Ni katika hali hiyo Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilipoanza kutoa huduma za kitaalamu za kupunguza uzito, hususan kuweka puto ndani ya mfuko wa chakula. Aliyekuwa Mkurugenzi Mtendaji wake, Profesa Mohamed Janabi, ambaye mwaka 2025 alichaguliwa kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani (WHO) Kanda ya Afrika, alijulikana nchi nzima kwa mawaidha yake kuhusu sukari, wanga na kitambi. Mawaidha hayo yalisambaa katika simu za watu hadi kwenye vijiwe vya mikoani, na pamoja nayo ikasambaa habari kwamba Dar es Salaam sasa kuna njia ya kupungua kwa mkono wa daktari.

Tatizo ni namna habari hiyo ilivyoeleweka. Kwa wengi, jambo lenyewe ni la ujazo tu: mtu ana debe, daktari anamwachia kopo, na kopo hujaa upesi kuliko debe. Ufafanuzi huo ni mwepisi na unapendeza, lakini wanasayansi wamekwisha kuuacha kwa zaidi ya miaka 20. Kinachobadilika baada ya baadhi ya operesheni hizo si tumbo peke yake. Ubongo nao hubadilika, hasa ile sehemu inayompa mwanadamu raha ya kula na kumtuma arudie tena.

Upasuaji wa mchepuko, ulio maarufu kuliko yote katika historia ya tiba hii, ulianzishwa na daktari Edward Mason na wenzake katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1966. Katika namna yake ya leo, daktari hutenga kijifuko kidogo mfano wa yai sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, kisha akakiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, hivyo chakula kikaruka sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo. Operesheni nyingine, ambayo sasa hufanywa kwa wingi zaidi duniani, huondoa kabisa takriban robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula na kuacha bomba jembamba.

Kwa miaka mingi madaktari waliamini kuwa wagonjwa hupungua kwa sababu wanashiba upesi na chakula chao hakisharabiwi chote. Lakini wagonjwa wenyewe walikuwa wakisimulia jambo jingine. Walisema hawatamani tena vyakula walivyokuwa watumwa wake. Keki iko mezani, mtu anaitazama, wala moyo haumwendi. Kama tumbo dogo lingekuwa sababu pekee, mtu huyo angebaki na hamu ileile akiwa na nafasi ndogo ya kuitimiza, na hayo ndiyo mateso ya kila mtu aliyewahi kujinyima chakula kwa hiari yake.

Ili kuelewa tofauti hiyo ni lazima kuitazama dopamini. Hii ni kemikali inayopeleka ujumbe baina ya chembe za ubongo, na kazi yake kubwa si kuleta utamu wenyewe bali kumfanya kiumbe akitamani kitu na kukifuata. Harufu ya mishikaki ipitapo puani, dopamini ndiyo inayomgeuza mtu kichwa. Hupokewa na vipokezi vilivyo juu ya chembe, na vinavyochunguzwa sana katika habari hii ni vile viitwavyo D2.

Mwaka 2001 watafiti wa Maabara ya Taifa ya Brookhaven, Marekani, wakiongozwa na Gene-Jack Wang na Nora Volkow, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 10 wenye unene wa kupindukia na wengine 10 wa uzito wa kawaida. Walikuta kwamba wanene walikuwa na vipokezi vya D2 vichache zaidi, na aliyezidi unene ndiye aliyekuwa na vichache kupita wote. Dhana ikazaliwa: pengine mtu wa namna hiyo hula zaidi ili apate raha ambayo mwenzake huipata kwa sahani moja.

Swali lililofuata lilikuwa la wazi. Je, mtu akipasuliwa na kupungua, vipokezi hivyo hurudi? Hapa ndipo sayansi ilipoonyesha kwamba nayo ina siku zake mbaya. Mwaka 2010 makundi mawili ya watafiti nchini Marekani yalitoa majibu. Kila moja lilikuwa limewapima wanawake watano, wiki chache kabla na baada ya upasuaji, kwa kipimo cha picha cha PET. La kwanza likasema vipokezi vimeongezeka. La pili likasema vimepungua. Wanawake watano kwa watano, na majibu yamepishana kama mchana na usiku! Msomaji aonaye kichwa cha habari kisemacho "upasuaji huponya ubongo" afaa kuikumbuka habari hiyo kabla ya kukiamini.

Mwanga zaidi ulitoka Turku, nchini Finland. Mwaka 2016 watafiti wa huko walichapisha uchunguzi wa wanawake 16 wenye unene wa kupindukia, waliopimwa kabla ya upasuaji na miezi sita baadaye. Vipokezi vya dopamini havikubadilika. Kilichobadilika ni vipokezi vya opioidi, yaani vile vinavyohusika na utamu na utulivu ambao mtu huupata akishakula; ni vipokezi hivihivi ambavyo dawa kama mofini huvitumia. Kabla ya upasuaji vilikuwa vimefifia. Miezi sita baadaye vilikuwa vimerudi kufanana na vya wanawake wembamba waliolinganishwa nao.

Matokeo hayo yana uzito wa kijamii kuliko yanavyoonekana. Yanaashiria kuwa udhaifu huo wa vipokezi, angalau kwa sehemu, ni tokeo la unene wenyewe wala si kilema cha kuzaliwa nacho. Wale wanaomdhihaki mtu mnene kwa kumwita mlafi, na wako wengi Dar es Salaam kama walivyo Nyashimo, wanamlaumu kwa kutokuwa na breki ilhali mashine yenyewe imelegea kutokana na mzigo inaoubeba.

Ubongo umejuaje kwamba tumbo limekatwa? Njia zinazojulikana ni za homoni na za neva. Mfuko wa chakula hutoa homoni ya njaa iitwayo ghrelini. Mwaka 2002 watafiti wa Seattle, Marekani, walionyesha kwamba mtu apunguaye kwa kujinyima chakula huongezeka ghrelini, yaani mwili unamdai deni lake, lakini waliofanyiwa mchepuko walikuwa nayo kidogo sana. Tafiti za baadaye kuhusu mchepuko hazikukubaliana zote, ila kwa operesheni ya kuondoa sehemu kubwa ya mfuko kushuka huko ni dhahiri, kwa kuwa sehemu inayotengeneza homoni hiyo ndiyo hasa inayotupwa.

Kwa upande mwingine, chakula kinachofika upesi katika utumbo huchochea homoni za shibe, mojawapo ikiwa GLP-1, kutoka kwa wingi mara kadhaa kuliko kawaida baada ya mlo. Homoni hizo hufika katika ubongo au huupigia simu kupitia neva ya vagasi, inayounganisha utumbo na kichwa. Majaribio ya panya yameonyesha pia kwamba kubadilisha njia ya chakula tumboni hubadilisha kiasi cha dopamini kinachotolewa kwa ajili ya sukari.

Ushahidi unaowahusu zaidi Watanzania ulipatikana London. Mwaka 2014 watafiti wa Imperial College waliwalinganisha watu waliofanyiwa mchepuko na wale waliofungwa mkanda kuzunguka mfuko wa chakula. Mkanda hubana tu. Hauondoi wala hauelekezi upya kitu chochote. Walipoonyeshwa picha za vyakula wakiwa ndani ya mashine ya kupiga picha ya ubongo, waliofanyiwa mchepuko ndio ambao sehemu zao za raha zilipoa zaidi, hasa kwa vyakula vya mafuta na sukari.

Hapa puto linaingia katika hesabu. Puto nalo hujaza nafasi. Halikati utumbo wala haligeuzi njia ya chakula, na baada ya miezi kadhaa huondolewa. Kwa hiyo mtu asitarajie kwamba litamfanyia ubongoni yale yanayosimuliwa kuhusu mchepuko. Linaweza kumsaidia apungue na kumpa muda wa kujifunza kula upya, lakini likitoka, mlango wa tamaa huenda ukawa wazi kama lilivyoukuta. Katika mazungumzo ya mitaani huduma zote hizi huitwa kwa jina moja la "kupunguza tumbo", na mkanganyiko huo una gharama, kwa kuwa mgonjwa hulipia kitu kimoja akiwa na matumaini ya kingine.

Manufaa ya upasuaji kwa anayeuhitaji si ya kubishaniwa. Utafiti wa Utah uliochapishwa mwaka 2007, uliowafuatilia zaidi ya watu 7,900 waliofanyiwa mchepuko na idadi sawa ya wanene wasiopasuliwa, ulikuta vifo kwa jumla vimepungua kwa asilimia 40, na vifo vitokanavyo na kisukari kwa asilimia 92. Ni dawa chache sana zinazoweza kujigamba hivyo. Lakini utafiti huohuo ulikuwa na ukurasa wa pili usiosomwa mara nyingi: vifo visivyotokana na magonjwa, vikiwamo ajali na kujiua, vilikuwa juu kwa asilimia 58 miongoni mwa waliopasuliwa.

Sehemu ya maelezo yake huenda ikawa kwenye pombe. Mwaka 2012 watafiti waliowafuatilia wagonjwa 1,945 wa hospitali 10 za Marekani walitangaza kwamba kabla ya upasuaji asilimia 7.6 walikuwa na tatizo la ulevi. Mwaka wa kwanza baada ya upasuaji hapakuwa na mabadiliko ya maana. Mwaka wa pili wakafika asilimia 9.6, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliofanyiwa mchepuko kuliko waliofungwa mkanda. Ripoti yao ya mwaka 2017 ilikuwa nzito zaidi: ndani ya miaka mitano, takriban mtu mmoja kati ya watano waliofanyiwa mchepuko, ambao hawakuwa na tatizo hilo katika mwaka uliotangulia upasuaji, alikuwa ameonyesha dalili zake.

Sababu moja ni ya bomba tu. Pombe hupita upesi kwenye kijifuko kidogo na kuingia damuni kwa kasi, kiasi kwamba glasi moja humfanyia mtu kazi ya mbili. Lakini si hiyo pekee. Mwaka 2013 watafiti walieleza majaribio ya panya waliofanyiwa mchepuko kisha wakapewa nafasi ya kujipatia kileo kupitia mshipa wa damu, pasipo kupita tumboni kabisa. Panya hao bado walikitafuta kwa bidii kuliko wenzao. Kwa maneno mengine, mfumo wa raha ulionyang'anywa chakula ulikuwa umeanza kutafuta pa kwenda.

Sasa tuseme mfanyabiashara wa Nyashimo amekwenda ng'ambo au Dar es Salaam, amepasuliwa na kurudi nyumbani. Miezi ya kwanza ni ya furaha, ingawa si ya furaha tupu. Katika jamii ambayo kwa muda mrefu mwili mnene ulihesabiwa kuwa alama ya neema, kupungua ghafla huzua minong'ono, na tangu miaka ya 1990 minong'ono hiyo imekuwa na jina moja, UKIMWI. Wapo watakaomhurumia kwa ugonjwa asionao.

Kisha kuna sahani. Kukataa chakula cha mwenyeji ni jambo zito, na mgeni wa msibani au harusini hawezi kueleza kila mara kwamba vijiko vichache vya wali vinamtosha. Akila vitamu kwa pupa, huweza kupatwa na jasho, moyo kwenda mbio na kizunguzungu, kwa sababu sukari imemwagika utumbini kwa mkupuo. Chakula, kilichokuwa kiungo chake na watu, kimekuwa kitu cha kuhadhari. Kinachobaki mezani ambacho hakihitaji kutafunwa, na ambacho hakuna amlaumuye mwanamume kwa kukipokea, ni chupa.

Serikali ilipiga marufuku pombe kali za viroba tangu Machi 1, 2017, lakini gongo na pombe nyingine za kienyeji hazikuondoka pamoja nazo. Kwa mwanamke hali ni ya siri zaidi; anayekunywa hunywea ndani, na atakapoanza kulewa kwa glasi moja atafichwa au kujificha kabla hajapelekwa hospitali. Wala ndugu hawatahusisha ulevi wake na operesheni ya miaka miwili iliyopita. Watasema fedha zimempanda kichwani.

Umbali unaongeza ugumu. Mtu wa Busega akitaka hospitali ya rufaa ya kanda huenda Bugando, Mwanza. Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka huko. Waliopasuliwa huhitaji vitamini na madini maisha yao yote, hasa vitamini B12, madini ya chuma na kalsiamu, pamoja na vipimo vya damu vya mara kwa mara. Wanawake hushauriwa kuahirisha ujauzito kwa mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu. Hayo ni ya mwili, na muuguzi wa kituo cha afya anaweza kuyafuatilia akipewa maelekezo. Ya ubongo ni magumu zaidi, kwa kuwa hakuna kipimo cha maabara kitakachoonyesha kwamba hamu imehama kutoka sahani kwenda glasi.

Wapo wasemao kwamba mjadala huu utapitwa na wakati kwa sababu ya sindano mpya. Dawa ya semaglutide, inayoiga homoni ileile ya GLP-1, iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya kupunguza uzito mwaka 2021. Septemba 2025 WHO iliiingiza pamoja na nyingine za jamii yake katika orodha ya dawa muhimu kwa wagonjwa wa kisukari wenye unene na maradhi ya moyo au figo. Jambo la kustaajabisha ni kwamba dawa hizi zinaelekea kufanya kinyume cha mchepuko kuhusu pombe: jaribio dogo la watu 48 lililochapishwa mwaka 2025 lilikuta waliochomwa semaglutide wakiwa na hamu ndogo ya kileo na wakinywa kidogo zaidi kila waketipo kunywa. Homoni moja, milango miwili, matokeo tofauti. Wanasayansi hawajapatana kwa nini.

Lakini sindano hizo ni ghali, huhifadhiwa kwenye jokofu kabla ya kuanza kutumiwa, na utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba walioziacha walirudisha wastani wa theluthi mbili ya uzito walioupoteza katika mwaka mmoja. Kwa hiyo upasuaji hautatoweka upesi, na wagonjwa kutoka mikoani wataendelea kuufuata.

Yapo mambo mawili ambayo hayahitaji mashine wala fedha nyingi. La kwanza ni mgonjwa kuulizwa juu ya pombe kabla ya kupasuliwa, na kuelezwa kwa Kiswahili cha wazi kwamba glasi aliyoizoea haitakuwa tena ileile. La pili ni barua anayopewa arudipo nyumbani kuitaja hatari hiyo kwa jina, ili muuguzi wa Nyashimo aulize tena si wiki ya sita tu, kidonda kinapokuwa kimepona na kila mtu anapongeza, bali mwezi wa 18 na wa 24, wakati hospitali iliyompasua pengine imeshaacha kumwona.